Imla ya Jumamosi

Mdogo wangu,

Salamu. Natumaini mgongo wako umepoa, na wifi na watoto hawajambo. Sisi tu wazima na cherehani inazunguka. Mema yaishie hapo, maana barua hii siiandiki kukufurahisha.

Simu zako tatu niliziona, nikaziacha ziite. Wifi ananiambia unasema nimenuna kwa jambo dogo. Basi nikueleze ukubwa wake.

Jumamosi ile ulipokuja na wanao, ulimkuta binti yangu, Chiriku, kwenye meza yangu ya kukatia vitambaa. Nilikuwa nimemchorea herufi kwa chaki ya fundi, kubwa kama sahani, naye anazipitia kwa kidole huku akizitaja. Ndivyo tunavyofanya kila alasiri tangu mtaalamu wa watoto alipotuambia kwamba ana ugumu wa kusoma, wala si uvivu. Tunasoma dakika kumi, anaokota pini sakafuni dakika tano, tunarudi. Baada ya miezi minne alikuwa anamaliza mstari mzima bila kunitazama usoni.

Ukaniambia nisogee, eti wewe mwalimu mkuu umefika. Ukafuta chaki yangu kwa kiganja, ukampa imla ya maneno kumi mbele ya wanao. Akapata mawili. Ukainua daftari ukayasoma makosa kwa sauti. Palipotakiwa "baba" ameandika "dada", na wanao wakacheka mpaka wakakaa chini. Ukaandika "mzembe" kwa kalamu nyekundu, ukasema mtoto huyu hana kichwa cha shule, nimfundishe kushona mapema. Kisha ukaomba chai, na mimi nikakupikia. Hilo sijajisamehe.

Siku tisa Chiriku hakushika penseli. Yeye anayeongea hata usingizini akawa anajibu kwa kutikisa kichwa. Akaanza kukojoa kitandani, na ana miaka tisa. Nilipomtilia chaki mkononi aliirudisha kwenye kopo taratibu, kama mtu anayerudisha kitu alichoiba. Siku ya kumi, nikiwa namfumua nywele, akaniuliza kwa nini mjomba anamchukia.

Hapo nilifanya jambo ambalo ni bora ulisikie kwangu. Nilimwambia. Nilimwambia kwamba mjomba wake aligeuza b na d mpaka darasa la sita. Kwamba barua yake ya kwanza kwa baba yetu, aliyekuwa kazini mbali, ilianza "Dada mpendwa", na baba aliporudi akamchapa kwa sababu ya barua hiyo. Kwamba nilikaa naye sakafuni chumbani kwetu kila alasiri kwa miaka mitatu, nikimsomea, nikimshika mkono aandike, mpaka mtihani wangu mwenyewe ukanipita. Uliniapisha nisimwambie mtu, nami nikaapa. Nimekaa na siri hiyo kifuani zaidi ya miaka thelathini. Sasa nimeitoa, na sikuombi radhi.

Chiriku hakucheka kama walivyocheka wanao. Aliuliza kama ulikuwa ukilia. Nikamwambia ndiyo, sana. Akainuka, nywele nusu zimefumuliwa, akaenda kuchukua chaki mwenyewe.

Jana aliandika "baba" mara tatu, na mara mbili alipatia. Halafu akataka kujua mjomba aliacha lini kukosea. Nikamwambia hilo silijui, akuulize mwenyewe utakapokuja likizo. Amekubali, na anasubiri.

Kwa hiyo jibu lako litafute kabla hujapiga hodi kwangu. Utamjibu mbele ya wanao, kama ulivyompa imla mbele yao. Ukimdanganya, mimi nitakuwa nimekaa hapo hapo, na yaliyobaki watayasikia kwangu.

Wifi na watoto wasalimie wote. Wao sina ugomvi nao.

Ni mimi, dada yako mkubwa.