Mgeni wa Neema

Ilomba, Jumapili jioni, Juni 1956

Blanketi lile zito halitakauka kwa baridi hii, na mgongo wangu hauna hali. Hii ndiyo ilikuwa siku yangu ya kupumzika.

Jana Neema alimleta rafiki yake wa shuleni, Tusajigwe, aje kulala kwetu. Walicheka mpaka nikawakemea. Leo alfajiri nilimkuta mgeni uani peke yake, anasugua blanketi kwenye karai. Alikuwa amelikojolea usingizini. Gauni limelowa, meno yanagongana.

Nakiri nilikasirika. Nimefua juzi tu, na maji nayateka mwenyewe. Nilishafungua mdomo nimgombeze, akanitangulia.

"Mama, naomba usimwambie Neema."

Miaka tisa, mtoto yule. Nilimvisha gauni la Neema, nikamsogeza motoni. Neema alipoamka nikamwambia nimemmwagia mgeni chai.

"Mama naye!" akasema, akaninunia mpaka kanisani. Kumdanganya mwanangu, tena siku ya ibada, sijui...

Mchana mama yake Tusajigwe alikuja kumchukua. Hakutaka kukaa. Aliniuliza pale mlangoni, kwa sauti ya chini, "Amelala salama?" Macho yake yalikuwa mekundu. Nikajua hakulala usiku kucha.

"Amelala vizuri sana," nikasema. "Aje tena."

Akanishika mikono yote miwili. "Ndaga fijo, mama Neema," akanishukuru kwa Kinyakyusa, na hakuniachia upesi.