Njia ya Kutokea Iko Upande Wako

Mke mwenzangu, Mama Wekesa,

Salamu utazipata ukishanijibu.

Nimesikia sokoni ati wale wa shamba kubwa wamekufuata mpaka Kamukuywa kwa kijana wako, wakakupelekea sukari na karatasi ya kuweka kidole. Sukari kunywa. Hiyo karatasi ndiyo imenifanya nishike kalamu.

Si unajua vile tuko hapa. Majirani waliuza mmoja mmoja, tukabaki na ekari zetu mbili katikati ya mahindi ya watu. Mbele wao, nyuma wao. Bwana yetu alipotugawia kabla afe, mimi nilipata nyumba, na njia ya kwenda barabara ya Kitale ikaangukia upande wako. Ukiuza, mimi nitatokea wapi? Niruke kama panzi?

"Njia isipokanyagwa italimwa." Ulisema wewe, si mimi. Tukapeana zamu: mimi asubuhi, wewe jioni, hata kama hatuna tunakoenda. Mwaka ule kuku wako walimaliza mboga yangu, hatukuongea mvua yote. Lakini zamu hukukosa. Nilikuchungulia kwa dirisha, mdomo umefura, unaenda na kurudi na ndoo tupu.

Tulikosea mara moja. Tulienda matanga Bungoma sisi wote wawili, siku tatu. Kurudi, njia imelimwa, mahindi yameshapandwa. Ukavua viatu. "Kanyaga, mkubwa," ukaniambia. Tukakanyaga, tukakanyaga, mpaka mnyapara wao akaja mbio.

"Nyinyi wamama mna wazimu? Hapo kuna mahindi!"

"Basi yaambie yatupishe," ukamjibu.

Bana, nilicheka mpaka nikakaa kwa udongo.

Tangu uhamie kwa kijana wako, zamu zote ni zangu, na goti halitaki. Yule mnyapara ananisalimia kwa heshima, ati "Umeamkaje, kukhu?" kama mjukuu anayemwamkia nyanya yake. Heshima yake naiogopa kuliko kelele zake za zamani. Jioni ndiyo mbaya. Natembea zamu yako, narudi, hakuna hata mtu wa kununia. Ugali bado nasonga ya watu wawili. Mkono umekataa kujifunza.

Wekesa anakupenda, sikatai. Kaa kwake, unone. Lakini uliwahi kufikiria huku? Bwana yetu amelala nyuma ya nyumba. Kulia kwake ni pangu, kushoto ni pako, alituonyesha kwa fimbo tukiwa tumesimama wote. Mimi niko ndani ya boma tayari. Wewe utabebwa kutoka Kamukuywa. Ukishauza njia, watakupitisha wapi, mjinga wewe?

Jana nimeng'oa magugu hapo pako. Yalikuwa yamefika magotini.

Nijibu, hata kama ni matusi.

Mimi mkubwa wako,
Mama Nanjala