Risasi Iliyomuua Elmer

Cutler Creek, Montana
6 Septemba 1987

Baba Mdogo Wendell,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Huku sisi wazima. Baba anakohoa, ila supu anaimaliza.

Najua habari zake huzitaki, lakini nivumilie. Amenipa ile bunduki iliyomuua Baba Mdogo Elmer. Miaka arobaini na moja haijaguswa! Nimeitoa kutu, mbao nimezipaka mafuta, nikayeyusha madini na kumimina risasi zangu mwenyewe kwenye kalibu. Jumamosi nilifyatua tano, hatua mia. Matundu yote yanafunikwa na kifuniko cha chupa ya jemu, katikati kabisa. Baba alimwambia sherifu inavuta kulia, risasi haiendi inakolengwa. Haivuti hata kidogo.

Na ile risasi aliyotolewa Elmer, ambayo Bibi aliiweka kwenye kopo la tumbaku, mbele imepondeka lakini kitako chake kizima. Haiingii kwenye mtutu huu. Ni nene. Wewe siku ile ya kuwinda ulibeba bunduki gani?

Mwanao,
Lorna

Spokane
14 Septemba

Lorna,

Marahaba. Mguu uko vilevile.

Yangu ilikuwa ya kipimo cha mtutu cha thelathini na tano. Nilifyatua mara moja, kulungu akanikimbia. Basi.

Nasikia baba yako anaomba azikwe karibu na Elmer. Mwambie makaburi yale yako kwa jina langu. Muuaji hatalala kando ya aliyemuua. Atafute pengine.

Baba yako mdogo,
Wendell

Cutler Creek
20 Septemba

Baba Mdogo,

Shikamoo. Leo afya sikuulizi.

Nimeipima mara saba. Bunduki ya Baba ni ya thelathini. Risasi ya kwenye kopo ni ya thelathini na tano.

Nilikwenda nayo kwenye nyumba ya wazee anakotunzwa Baba, nikamwekea kiganjani. "Baba, hii si yako!"

Hakushtuka. "Najua. Mimi sikufyatua kitu, ila moja ardhini kabla sherifu hajafika."

"Kwa nini?"

"Wendell alikuwa na miaka kumi na saba. Angejinyonga zizini kabla ya Jumapili."

"Naye anakuita muuaji mpaka leo!"

"Afadhali aniite mimi. Usimwandikie, mwanangu. Niahidi."

Nilimwahidi. Ahadi nimeivunja kwa sababu ya lile kaburi. Nisamehe.

Mwanao,
Lorna

Spokane
25 Septemba

Lorna mwanangu,

Marahaba. Barua yako niliisoma nimesimama nje, penye sanduku la posta. Jirani alikuja mbio akidhani nimepooza. Alinishika mkono mpaka ndani.

Kesho napanda basi la alfajiri. Usimwambie nakuja, atajifanya amelala.

Kumbe ndiyo maana alininyang'anya bunduki mikononi. Elmer yuko chini kwenye theluji, na baba yako Orrin ananikazia macho, "Ni mimi, Wendell. Nimemuua mimi. Umesikia?"

Nikamtemea mate usoni. Hakuyafuta. Alisimama nayo vile vile mpaka sherifu akafika.

Baba yako mdogo,
Wendell