Vijiko za Simba Mwenye Uso wa Mbwa

Sasa Nafula, huyo kijana wako amerudi tena. Jana alikuwa kwa Mama Chebet na nusu kilo ya sukari, ati anataka vijiko za mama yake. Mama Chebet akamwambia yake ilianguka kwa choo, aingie aitafute.

Andika hivyo hivyo, Anyango, usirekebishe. Ni huyu mke wa mtoto wangu ananiandikia hii barua yako, na roho yake iko juu juu kwa sababu sufuria iko kwa moto.

Nafula, ile siku ya kunyoa nywele, baada ya kukuzika, tulikaa nje wazee wakigawa vitu zako. Huyo Wycliffe wako akachukua ng'ombe, akachukua televisheni, akachukua hata ile blanketi ulifia ndani. Halafu akamwaga kikapu yako ya vijiko na uma kwa meza. Akageuza moja, akaangalia muhuri ya simba huko nyuma, akacheka. Ati hii si silva ya Mwingereza, ni Mchina aliiga muhuri yao, Mama ameokota takataka maisha yake yote. Akatusukumia sisi tuliopika matanga. "Nyinyi wamama, gawaneni hizi."

Tukagawana. Mimi nikachukua ile kubwa ya supu.

Kwani wewe hukujua ni za kuiga? Kila siku ya soko ya Ndanai unainama kwa yule mzee wa vyuma kuukuu, unageuza kijiko, unatafuta simba. Ukipata mwenye uso wa mbwa amefukuzwa jikoni, unacheka mpaka leso inafunguka. Nikakuuliza mbona hutafuti simba wa kweli. Ukaniambia, "Wa kweli nimemsugua kwa nyumba ya yule meneja Mwingereza mpaka vidole zikaisha. Huyu wa uongo hajawahi kunituma."

Nilitema chai siku hiyo.

Basi akaja mtu wa Nairobi, wa kununua vitu za zamani, kuangalia meza yako. Akaona uma moja ilibaki kwa droo. Akasema hizi za China za zamani, na hiyo muhuri ya kuiga, kuna watu wanazitafuta sana, na silva yake ni silva. Wycliffe hata hakumaliza chai. Sasa ni kulia kwa milango ya watu, ati ukumbusho wa mama. Kwa hospitali hakulia. Kwa hospitali alikuwa anatafuta mahali pa kuchaji simu. Ulimnyonyesha huyo, Nafula. Maziwa yote hiyo ilipotea bure.

Mimi napakua maharagwe na hiyo yangu kila jioni. Naigeuza nimwone simba, halafu nataka kukuita hapo kwa ua, uje uone vile ananiangalia… Ah. Wacha.

Ngoja, naitwa. Ni Mama Chebet, anasema gari ya Wycliffe imesimama hapa kwa geti.

Lala, dada yangu. Hapati hata moja, nimekuahidi. Lakini ni mtoto wako, nitamkaribisha vizuri. Nitampa uji.

Na kijiko ya plastiki.