Siku Saba Mulimani, na Mudogo Wangu Hajui Habari ya Muguu

Mama Kavuo mupendwa, wewe unayejibu barua zetu mu gazeti, naomba unisikilize mupaka mwisho, maana nimechoka na uongo wangu mwenyewe na huku hakuna muntu naweza kumuambia.

Jina yangu ni Athanasie, niko na miaka arobaini na saba, nafundisha darasa la pili huku Karuba, bwana yangu alikufa, watoto wawili wako Goma kwa masomo. Kwa upande wa baba na mama nimebaki na muntu mumoja tu, mudogo wangu Bienvenu, anaishi Suède, kule Ulaya, kaskazini kabisa, kule jua haizame mu kiangazi na miti inaisha kabla mulima haujafika katikati. Miaka kumi na mbili tunaonana mu telefone tu. Mwaka huu alinitafutia viza, ikatoka, nililia mbele ya wanafunzi wangu, na kesho yake njo akaniambia programu.

Anataka tutembee kwa miguu siku saba mu parc moja, hifadhi ya milima ya kule. Parc hiyo haina barabara, haina rezo ya telefone, haina nyumba ya kulala, mito haina daraja, unavua suruali na kuvuka mu maji ya theluji, na hata mu mwezi wa munane theluji inaweza kuanguka. Anasema watu wanaojua safari hizo wanabeba kidogo sana, njo wanafika. Kila kitu anaipima kwa mizani ya jikoni: hema gramu mia tisa, kijiko ya plastiki kwa sababu ya chuma ni nzito, muswaki amekata mukono, sufuria moja kwa watu wawili. Sakado yangu ya kubeba mugongoni isipite kilo munane. Biblia, eti nisome mu telefone. Vitenge nilitaka viwili, akakubali kimoja, na hicho kimoja alifikiri siku mbili nzima. Kwa chakula aliniambia nipike maharagi na sombe ya majani ya muhogo, kisha nikaushe kwa jua mupaka ikuwe kama majani ya chai, kule tutaongeza tu maji ya moto. Nilianika juu ya manjanja, mabati ya jikoni, kuku wakakula ya kwanza yote, nikapika tena.

Jirani yangu Consolée alinikuta nageuza ile sombe, akaniuliza, "Yaani muntu anapanda avio, anaruka, anaenda mbali vile, ili abebe muzigo mu mulima na kulala inje? Si ile njo tulikuwa tunafanya wakati wa vita?" Nilicheka, nikaendelea kugeuza sombe. Mimi Mama, nikisikia neno kutembea, mwili yote inakataa. Lakini nataka kumuona mudogo wangu, hata kama ni juu ya barafu.

Sasa uongo wangu njo huu. Bienvenu alitaka nijizoeze kila siku ya posho, mwisho wa juma, na ile sakado, kwa muda wa saa mbili, kisha wa saa ine, na nimutumie foto kutoka juu ya mulima. Nilimutumia foto nane. Zote nane nilipanda na moto, ile pikipiki ya kukodi. Motari mumoja wa hapa, Léopold, ananifikisha juu kwenye ngombe zinakula majani, nashuka, navaa sakado, anapiga foto, tunarudi. Ndani ya sakado niliweka muto wa kulalia. Bienvenu anajibu, "Nilijua! Hakuna muntu anatembea kama dada yangu."

Kwa nini sikumuambia ukweli? Kwa sababu muguu yangu ya kuume ilivunjika kwenye kifundo, na haikushikana vizuri, na Bienvenu hajui kwamba ilivunjika, wala kwamba ilivunjika kwa sababu yake.

Ilikuwa mwaka tulikimbia kutoka Nyabiondo kuelekea Walikale. Yeye alikuwa kijana wa miaka makumi mbili na sita, na malaria ilimushika mu njia, kwa hiyo nilibeba muzigo yangu na yake, siku mbili. Siku ya tatu asubuhi, tumekwisha kuvuka muto mumoja juu ya muti, akashika mufuko yake ya koti, akakuta ni tupu. Diplome yake ilibaki kwenye tulilala. Alilia kama mutoto. Nikamuambia, "Fuata watu hawa, usisimame, mimi nitakufikia mbele." Nikarudi. Diplome niliikuta, ilikuwa ndani ya sashe ya plastiki, chini ya majani tulilalia. Lakini mvua ilikuwa imenyesha, na wakati wa kuvuka tena ule muti niliteleza. Nilisikia kifundo inalia. Niliingia mu maji mupaka kifuani, sashe nikaishika juu ya kichwa.

Wamama wa kijiji kimoja karibu pale walinitoa, wakanifunga na vijiti, nilikaa kwao miezi miwili. Bienvenu alifika Walikale, akaningojea, akachoka kungojea, kutoka pale akapita kwingi mupaka kambi ya wakimbizi ya Ouganda. Tulipopatana mu telefone, aliuliza, "Dada, ulichelewa nini?" Nikasema, "Mvua." Diplome nilimutumia kwa muntu. Njo ile iliyomusaidia kuingia masomo, na leo ni enfermier, muuguzi wa hospitali kule. Nilifikiri, akijua, hatafurahia tena ile kazi yake. Basi nilinyamaza, na kila mwaka kunyamaza ilikuwa rahisi kidogo kuliko kusema.

Posho iliyopita nilitaka kujua ukweli mimi mwenyewe. Nilitoa ule muto wa kulalia, nikaweka maharagi kilo munane, nikaanza kushuka kuelekea kijito. Dakika makumi ine hazikutimia. Kifundo ilijaa mupaka kamba ya kiatu ikakataa kufunguka, nikakaa mu majani pale pale, sikuweza kupanda wala kushuka. Léopold alipita na moto yake, akanikuta, akazima. Hakucheka. Alisema, "Mama mwalimu, huku mimi naweza kukufuata. Kule nani atakufuata?"

Imebaki majuma matatu. Mama Kavuo, nifunge muguu na bande, nimeze vidonge, niende nikiomba Mungu? Ao niseme niko mugonjwa, nisiende kabisa? Ao nimuambie, na yeye abebe hiyo maneno maisha yake yote? Nimechoka. Unijibu kama vile ungejibu dada yako.

Athanasie, Karuba

MAMA KAVUO ANAJIBU

Athanasie dada yangu, pole. Pole kwa muguu, pole kwa miaka kumi na mbili ya kuchechemea kwa kujificha. Ile siku ya kuvuka muto ulifanya kitu ambacho wengi wetu tungeogopa kufanya, na hakuna hata muntu mumoja alikushukuru, kwa sababu hukumupa nafasi.

Sasa nikugombeze. Mwalimu muzima unaweka muto ndani ya sakado! Bienvenu anapanga safari ya siku saba kwa kufuata habari unamutumia. Chakula anapima kwa mwendo wako. Siku ya ine mutakuwa katikati, mahali hakuna gari inaingia na telefone haiite. Kifundo ikijaa pale, yeye atafanya nini? Atakubeba juu ya mugongo ndani ya maji ya theluji, na mutaanguka wawili. Unasema unamuchunga asiumie roho, na huku unamupeleka mahali ataweza kukuzika kwa mikono yake. Bande na vidonge, futa. Kujifanya mugonjwa, futa pia, ni uongo mwingine na hautamuona mudogo wako.

Barua yako ilifika na majuma matatu tu mbele, kwa hiyo sikungojea gazeti. Nilikupigia kwa ile namba uliandika chini. Unakumbuka vile nilikuuliza, "Daktari aliona huu muguu lini?" Ukasema, "Hajauona." Nikauliza, "Uliogopa nini?" Ukasema, "Aniambie kwamba haitapona." Nilikutuma hospitali siku ile ile, na nilikuambia umupigie Bienvenu baada ya misa ya siku ya Mungu, bila kuzunguka, uanze na muguu, umalize na diplome.

Wasomaji wengine wanaoficha maneno kama haya wanafaa kujua vile ilienda, na wewe umenikubalia niandike.

Haikuenda vizuri. Bienvenu alisikiliza mupaka mwisho, akasema, "Miaka kumi na mbili ulinifanya mujinga," akakata. Siku mbili hakujibu messaji hata moja. Ulinipigia ukilia, ukasema ni mimi nimekupotezea ndugu. Nilikuambia ungoje, na nakiri leo, mimi pia sikulala vizuri. Siku ya tatu alikupigia wakati wa rekreasyo, watoto wakicheza, ukatoka mu darasa, ukasimama inyuma ya choo za shule ili watoto wasisikie. Alikuwa analia. Alisema, "Ulifikiri nataka miguu yako? Nilitafuta mahali tutakaa siku saba bila muntu kutuita. Sikujua mahali ingine." Kisha, enfermier ni enfermier, akaanza kukuuliza kama kifundo inajaa asubuhi ao mangaribi.

Safari ameibadilisha. Mutakaa kwenye nyumba ndogo ya mbao kando ya ziwa, pembeni ya ile parc, bisi inafika karibu na mashua inamalizia. Milima mutaiona mukikaa mulangoni. Kule wako watu wanaofuga wanyama wenye pembe kubwa kama vile watu wa Karuba wanafuga ngombe, anataka muwaone. Mutatembea kadiri muguu itakubali, siku ingine nusu saa, siku ingine hapana.

Uliniambia kwamba bado hajakuita "dada" tangu siku ile, anakuita Athanasie. Umuache. Hasira yake ni haki yake, na haitaisha mu simu. Usimusukume, usimukumbushe kila mara ule muto ulianguka ndani, na usikubali akuombe musamaha kila asubuhi kama vile muntu anameza dawa. Alikuwa mugonjwa, wewe ulichagua kurudi. Sema hivyo mara moja, kisha muongee mambo mengine.

Karatasi ya daktari uipeleke, na ile foto ya mifupa walikupiga hospitali pia, yeye atajua kuisoma. Fimbo ununue huku huku, usiwe na haya nayo mu avio. Kitenge, beba viwili.

Na kitu kimoja nakuagiza kama dada yako mukubwa. Miaka yote umekuwa yule anayebeba ya kila muntu na kusema iko bien, iko muzuri. Ukifika kule, usiendelee. Siku ya kwanza mukitoka kutembea, muguu ikianza kusema, usingojee afike juu, usitafute sababu ya mvua. Sema, "Bienvenu, nimechoka." Kisha ukae chini, na umuache yeye arudi kwako.