Walinzi wa Kivimbe

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa tatu
Uji motoni. Nimegusa shingo ya muke wangu. Kila asubuhi naanza na shingo. Kivimbe kilikuwa kama yai la bata, sasa ni ndimu. Kansa inarudi nyuma. Naogopa kufurahi.

Dawa ni ya majaribio, aliwekewa ng'ambo ya ziwa. Munganga alitueleza: ndani ya kivimbe muna walinzi. Ni wa mwili wenyewe, kazi yao kutuliza askari wa mwili wasipige ovyo. Kansa inajificha nyuma yao. Dawa inawaondoa. Akaonya: askari bila mukubwa wa kuwatuliza wanaweza kugeukia nyumba yao, wapige matumbo. Akiharisha tu, mupige simu siku ile ile.

Askari bila mukubwa. Sisi tuliokimbia vita Nyunzu tunawajua. Niliona tena buti zao, na mulango wetu umelala chini.

Alhamisi, tarehe 6
Mama mukwe amefika toka Ankoro kumuuguza binti yake. Kwetu mwanaume haingii chumba alimo mama mukwe. Nimemusalimia nyuma ya pazia, macho chini. Shingo sijagusa.

Jumamosi, tarehe 8
Tumbo la muke wangu limefunguka. Mama mukwe anafurahi, namusikia: "Acha litoke, mwanangu. Ndio ugonjwa unatoka vile." Kwao dawa isiyoharisha si dawa.

Nimesimama na simu mukononi. Munganga atataka kujua ameharisha mara ngapi; nitaulizaje habari za choo cha binti mbele ya mama yake? Kwa haya nimerudisha simu mufukoni. Nimejiambia labda mama anajua. Mujinga mimi.

Jumapili
Sikwenda misa. Beseni linaingia, linatoka. Nasikia buti. Nimechungulia barabarani, hakuna muntu. Buti ziko ndani ya nyumba.

Jumatatu, tarehe 10
Damu ndani ya beseni.

Nimeingia. Mama mukwe amejifunika kitenge, amegeukia ukuta. Nimepita mbele yake nimebeba binti yake, bila hodi. Ndipo nikapiga simu. Munganga hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Alhamisi, tarehe 20
Hospitali. Damu imekatika. Wanamupa dawa ya kutuliza askari. Ile ya ng'ambo hatapewa tena.

Mama mukwe amesukuma kiti upande wangu, bila kuniangalia. Nimeketi. Chumba kimoja, yeye na mimi. Haya karibu ituulie muntu.

Buti sizisikii leo. Muke wangu amelala. Nimegusa shingo. Ndimu ile ile, au imeongezeka kidogo. Sijui. Nimeacha mukono hapo.