Hatua ya Sita

Jumamosi, 11 Januari 2025

Radiata za jengo zima, vile vyuma vya kupasha nyumba joto, zinanguruma. Chini moto, juu baridi. Ni hewa. Hewa ni nyepesi kuliko maji, hupanda na kukaa juu ndani ya chuma, na maji ya moto hayapati nafasi. Nimewaeleza majirani ngazini, kisha nikaandika maelekezo kwa Kifaransa safi: zima, subiri ipoe, weka kitambaa na kikombe, fungua kwa ufunguo mdogo mpaka hewa iishe na maji yatoke, funga. Hatua tano. Chini ulibaki mstari mmoja mtupu. Nikaweka jina, kama ninavyojitambulisha hata huku ugenini: Marie-Jeanne Kalenga, mwalimu mstaafu wa fizikia, Lubumbashi.

Omari, mtunza jengo wetu, alinishikia gundi tukaibandika mlangoni. Akauliza, "Na maji, maman?" Nikamwambia aniachie mimi, nitaeleza yote. Miaka thelathini na minne darasani — sijazoea kukatizwa.

Jumapili, 12 Januari

Baada ya misa nyumba zote nane zimefungua radiata zao. Sss, sss, kila ghorofa! Lucienne wa juu kabisa aliniita toka ngazini: radiata yake imepata moto kwa mara ya kwanza tangu Noeli. Nilifurahi kama msichana.

Alasiri, nikimenya viazi, nikakumbuka. Maji yaliyotoka lazima yarudishwe. Presha ikishuka mno, boila, mtambo unaochemsha maji ya jengo zima, hujizima lenyewe. Bomba la kujazia liko chini, ufunguo wa huko anao Omari, na Omari yuko kwa kaka yake, mtaa wa Jette, ng'ambo ya mji. Namba yake ninayo.

Niliona aibu. Kesho, nikasema.

Jumatatu, 13 Januari

Boila limezimika tangu jana jioni. Lucienne, miaka themanini na mmoja, amechukuliwa na ambulansi. Kifua.

Omari amerudi asubuhi na kujaza maji. Dakika kumi, basi.

Nimebandua karatasi mlangoni. Niandike ukweli, hapa hakuna anayesoma: nilibandua kwanza, ndipo nikauliza hali ya Lucienne.

Jumatano, 15 Januari

Lucienne anapumua vizuri zaidi. Bon. Lakini msimamizi wa wenye nyumba amesema kazi ya Omari ni kutazama mshale wa presha kila siku, na ni wazi hakutazama. Omari anasema Jumamosi aliukuta kwenye moja na nusu, pazuri kabisa. Wanamwita mwongo. Na ni kweli tupu! Nyumba nane zikitoa maji siku moja, mshale huanguka kwa saa chache. Naweza kulieleza jambo hili hata kwa watoto wa darasa la kwanza.

Mkutano ni Jumamosi. Wakimfukuza, chumba cha chini anamoishi na mkewe Hawa nacho kinakwenda.

Kabeya wa ghorofa ya pili alinisimamisha mlangoni. "Bahati weye ulitufundisha muzuri, maman. Ule Omari njo analalaka." Yaani mzembe ni Omari, kazi yake kulala. Nikamkaribisha chai.

Ijumaa, 17 Januari

Omari amepanda kwangu. Alivua kofia, akauliza kwanza hali ya magoti yangu. Kisha akaniomba nimsemee kesho. "Weye watakusikia, maman. Mimi wataona najitetea tu."

Karatasi hakuitaja. Nilidhani ameisahau.

Alipotoka nikaitoa kwenye droo. Kwa kalamu ileile nikaongeza, kwa herufi ndogondogo, juu ya jina langu: 6. Mjulisheni Omari aongeze maji. Imeenea. Nafasi ilikuwepo siku zote.

Wino unang'aa kidogo. Utakauka. Nikiionyesha hivi, Omari ataokoka — na kosa litakuwa la wote wasiosoma mpaka mwisho. Wote, isipokuwa mimi.

Jumamosi, 18 Januari

Mkutano saa nne. Saa nne kasoro kumi Omari amekuja kunibebea kiti, maana huko chini hakuna pa kukaa na magoti yangu anayajua. Karatasi ilikuwa mezani. Aliisoma amesimama, polepole, mpaka chini.

"Zilikuwa tano, maman."

Hakupandisha sauti. Kumbe alijua wiki nzima, na wiki nzima alinyamaza, akingoja niseme mwenyewe. Akachukua kiti akatoka.

Naandika nikiwa nimevaa koti. Huko chini wanaita majina. Langu limeshaitwa mara moja. Omari simsikii akishuka — yuko nje ya mlango, kiti mikononi, ananisubiri. Kalamu ninayo. Naweza kuifuta ile sita kwa mstari mmoja tu, mbele yake, lakini hapo kosa litabaki na jina moja tu: langu.